Jentamisini au amikasini: kumchagulia sindano mgonjwa wa Lamu

Mawodini kumeenea fikira kwamba amikasini ni jentamisini yenye nguvu zaidi. Mgonjwa akizidiwa huhamishwa kutoka jentamisini kwenda amikasini, na mwenye uwezo wa kununua huanzishwa moja kwa moja ile ya bei ya juu. Sivyo. Zote mbili ni aminoglikosidi, kundi moja la antibiotiki za sindano; zinaua bakteria kwa njia moja na zinadhuru figo na sikio kwa njia moja. Zinaachana mahali patatu: ni bakteria gani ameshapata njia ya kuiharibu dawa, ni mililita ngapi zinaingia kwenye bomba la sindano, na ni sehemu gani ya sikio la ndani inayoumia mwanzo. Kwa mgonjwa mpya aliyetoka nyumbani kwake, jentamisini ndiyo ya kuanza nayo. Amikasini ni dawa nzuri mno, na kwa uzuri huohuo haifai kutumiwa bila sababu.

Sababu ya kupanda hadi amikasini

Jentamisini ilitangazwa mwaka 1963, ikitokana na bakteria wa udongoni aitwaye Micromonospora. Amikasini ilitengenezwa Japani mwaka 1972 kwa kuchukua kanamisini, dawa ya zamani, na kuibandika mnyororo wa pembeni. Bakteria sugu wengi hutoa vimeng'enya vinavyoigeuza dawa kabla haijafanya kazi; mnyororo ule huvizuia vingi visiishike. Ndiyo maana bakteria aliyeshinda jentamisini mara nyingi bado hufa kwa amikasini, na aliyeshinda amikasini kwa kawaida ameshashinda na jentamisini.

Basi panda hadi amikasini pale majibu ya kuotesha, yaani kukuza bakteria wa mgonjwa maabara na kuwajaribu kwa dawa, yanapoonyesha hivyo. Panda pia kwa kichanga aliyepata sepsisi (maambukizi yaliyouzidi nguvu mwili mzima) akiwa tayari wodini, ambaye ampisilini na jentamisini hazijamgeuza kwa saa 48 hadi 72, kwa sababu bakteria Klebsiella wa wodi za watoto wachanga amezoea kuwa sugu kwa jentamisini. Vilevile mtu mzima mwenye maambukizi ya figo yanayorudi, aliyetibiwa karibuni kwa seftriaksoni, antibiotiki ya kundi jingine, au jentamisini: bakteria wanaovunja seftriaksoni mara nyingi hubeba pamoja na usugu wa jentamisini, huku amikasini ikibaki na makali yake.

Kuna mahali ambapo kubadilisha moja kwa nyingine hakusaidii kitu. Taifodi ni mfano mbaya kuliko yote, kwa kuwa karatasi ya maabara inaweza kusema Salmonella, bakteria wa taifodi, anakufa kwa jentamisini na kwa amikasini, na mgonjwa asipone. Salmonella hujificha ndani ya seli, na dawa hizi hazifiki humo kwa kiasi cha kutosha. Maabara makini haitoi kabisa jibu la aminoglikosidi kwa Salmonella wala Shigella, bakteria wa kuhara damu. Usaha nao huzishinda zote mbili. Ili ziingie ndani ya bakteria zinahitaji oksijeni, na jipu halina oksijeni na lina asidi. Jipu lipasuliwe, na tumbo lililochafuka kwa kidole tumbo kupasuka liongezewe metronidazoli. Kwenye uti wa mgongo wa mtu mzima haziingii vya kutosha, kwa hiyo homa ya uti wa mgongo si kazi yake.

Na upo ugonjwa ambao amikasini haiwezi kuwa mbadala wa jentamisini: maambukizi ya vali za moyo yanayosababishwa na bakteria Enterococcus. Hapo jentamisini hutolewa kwa dozi ndogo pamoja na penisilini au ampisilini ili zisaidiane, na amikasini haishiki nafasi hiyo hata kama ndiyo iliyopo kabatini.

Mililita kwenye bomba

Hapa ndipo makosa mengi yanapotokea, na hapa ndipo amikasini ina faida ambayo wachache huitaja. Ampuli ya kawaida ya jentamisini ina mg 80 kwenye ml 2, yaani mg 40 kwa kila ml. Ya watoto ina mg 20 kwenye ml 2, yaani mg 10 kwa ml. Kichupa cha amikasini ni mg 500 kwenye ml 2, yaani mg 250 kwa ml. Cha watoto ni mg 100 kwenye ml 2, yaani mg 50 kwa ml. Vyote vinne vina ml 2, na ukivitazama kwa mbali ni vitu vinavyofanana.

| Mgonjwa | Jentamisini, mara 1 kwa saa 24 | Amikasini, mara 1 kwa saa 24 |
|---|---|---|
| Kichanga wa siku 3, kilo 3.2 | mg 5 kwa kilo = mg 16 = ml 1.6 ya mg 10/ml, au ml 0.4 ya mg 40/ml | mg 15 kwa kilo = mg 48 = ml 0.96 ya mg 50/ml |
| Mtoto wa kilo 12 | mg 7.5 kwa kilo = mg 90 = ml 2.25 ya mg 40/ml | mg 15 kwa kilo = mg 180 = ml 0.72 ya mg 250/ml |
| Mtu mzima wa kilo 60, figo nzima | mg 5 kwa kilo = mg 300 = ml 7.5 | mg 15 kwa kilo = mg 900 = ml 3.6 |

Mtazame yule kichanga. Muuguzi aliyezoea ampuli ya mg 20 anajua kwamba kilo tatu na kidogo ni ml 1.6. Siku ampuli za watoto zimekwisha, anaivunja ya mg 80, anavuta ml 1.6 ileile, na mtoto anapata mg 64, yaani mara nne ya dozi. Kwa hiyo kwenye karatasi andika mg, usiandike ml peke yake, na usome nguvu ya dawa kwenye ampuli kwa sauti kabla ya kuivunja. Ml 0.4 ipimwe kwa bomba la ml 1, si la ml 5. Kama amikasini iliyopo ni ya mg 500 tu, usijaribu kupima ml 0.19, vuta ml 1 ya dawa, ongeza ml 4 za maji ya chumvi ya 0.9%, sasa una mg 50 kwa ml, na ml 0.96 inapimika. Inayobaki imwagwe.

Kichanga aliye chini ya siku 7 na chini ya kilo 2 hupewa jentamisini mg 3 kwa kilo, si 5. Akitimiza siku 7 anaingia kwenye mg 7.5 kama watoto wengine.

Kwa mtu mzima, tazama ule mstari wa mwisho wa jedwali. Ml 7.5 hazikai kwenye msuli mmoja. Zigawe pande mbili za matako au tafuta mshipa. Amikasini ya ml 3.6 inakaa mahali pamoja. Zahanati isiyo na kanula (mrija mdogo wa mshipani), na mgonjwa ambaye amekauka mpaka mishipa imezama, ina haki ya kulifikiria hilo. Mwenye mshipa tayari hana haja nalo: dozi yoyote kati ya hizi mbili itiwe kwenye ml 100 za maji ya chumvi au za glukosi ya 5% na iingie kwa dakika 30 hadi 60. Kwa seti ya dripu ya matone 20 kwa ml, saa nzima ni matone 33 kwa dakika. Watoto wadogo husukumiwa polepole mshipani kwa dakika 3 hadi 5.

Ule mtindo wa zamani wa jentamisini mg 80 mara tatu kwa siku kwa kila mtu mzima, mnene na mwembamba, uachwe. Aminoglikosidi inaua kwa kilele chake: kadiri dawa inavyopanda juu kwenye damu ndivyo bakteria wengi wanavyokufa, na wanaosalia hubaki wamezubaa kwa saa kadhaa hata dawa ikishashuka. Figo nayo hunywa dawa kidogo zaidi ikipata saa nyingi bila dawa damuni. Mg 80 mara tatu inakosa kilele na inainyima figo mapumziko. Maambukizi ya vali za moyo, niliyoyataja, ndiyo yanayobaki na dozi za kugawanya.

Mgonjwa mnene asihesabiwe kilo zote, kwa kuwa dawa hizi haziingii sana kwenye mafuta. Mwanamke wa sentimita 155 na kilo 98 ana uzito stahiki wa kilo 48 hivi. Chukua 48, ongeza sehemu 0.4 ya zile 50 zilizozidi, unapata kilo 68. Jentamisini yake ni mg 340. Ukihesabu kilo zote ungempa mg 490. Amikasini isivuke mg 1,500 kwa siku.

Figo: hazitofautiani, wala usibishane

Hakuna iliyo salama kwa figo kuliko nyenzake kiasi cha kukufanya uichague kwa hilo. Zote hujikusanya kwenye mirija ya figo, na madhara huanza kuonekana baada ya siku 5 hadi 7. Jambo linalowapita wengi ni kwamba figo iliyoumizwa na dawa hizi kwa kawaida huendelea kutoa mkojo. Ndoo ya mkojo iliyojaa haithibitishi usalama. Kreatinini, taka ya damuni ambayo figo huitoa, ndiyo inayosema. Ipimwe kabla ya dozi ya pili na kila baada ya siku 2 au 3. Ikipanda mikromoli 26.5 kwa lita ndani ya saa 48, au ikifika mara moja na nusu ya ile ya mwanzo, simamisha dawa. Ikisimamishwa mapema figo nyingi hurudi.

Namba ya kreatinini peke yake hudanganya kwa wazee. Chukua mzee wa miaka 70, kilo 55, kreatinini mikromoli 120. Karatasi itaonyesha imezidi kidogo tu. Hesabu: 140 toa 70, mara 55, mara 1.23, gawa kwa 120. Unapata ml 39 na nusu kwa dakika, ndiyo kasi ya figo kusafisha damu, yaani figo zimeshapoteza zaidi ya nusu ya kazi yake. Kwa mwanamke weka 1.04 mahali pa 1.23. Mzee huyu dozi ya kila saa 24 haimfai. Kama kuna maabara inayopima kiwango cha dawa, unaweza kutenganisha dozi hadi saa 48 ukifuata majibu: kabla ya dozi inayofuata jentamisini iwe chini ya mg 1 kwa lita, na amikasini chini ya mg 5. Kama kipimo hicho hakipo, mpe dozi moja ya kwanza kama hali ni ya hatari, kisha umwendeleze kwa seftriaksoni.

Kinachoziharibu figo za watu wetu mara nyingi si aminoglikosidi peke yake. Mgonjwa anafika amekauka kwa homa na kutapika, anapewa jentamisini, na kwa sababu analalamika mgongo anadungwa diklofenaki upande wa pili siku hiyohiyo. Mchanganyiko huo tunausihi uachwe. Parasetamoli inatosha. Maji yarudishwe kwanza, hata kwa lita moja ya dripu huku dawa ikitayarishwa. Furosemidi, vankomisini na amfoterisini nazo zinaongeza madhara kwa figo au sikio, na mara nyingine kwa vyote viwili.

Sikio: hapa zinaachana

Figo hupona, sikio la ndani halioti upya. Jentamisini, kama streptomisini, huelekea zaidi kwenye mizani ya mwili. Amikasini, kama kanamisini, huelekea zaidi kwenye kusikia, ikianza na sauti nyembamba za juu. Kila moja inaweza kufanya ya mwenzake, kwa hiyo msichague kwa hili peke yake. Lakini muulize mgonjwa kazi yake. Mvuvi wa Kizingitini anasimama kwenye dau linaloyumba; mizani ikiondoka hana tena bahari. Mwalimu wa madrasa anayesikiliza herufi moja moja za watoto ataishi na upungufu ambao jirani yake asingeutambua. Pale ambapo bakteria wanakubali zote mbili na figo zinakubali, ni halali swali hilo liingie kwenye uamuzi.

Dalili za mizani hazisemwi kama kizunguzungu kila mara. Mgonjwa atasema vitu vinarukaruka anapotembea, au anayumba usiku kwenye vichochoro lakini mchana yuko sawa, kwa kuwa macho yalikuwa yakimsaidia na giza limemnyang'anya msaada huo. Jaribu kitandani: mpe maandishi asome, kisha mwambie atikise kichwa kulia na kushoto huku anasoma. Akiwa msomaji mzuri na mistari ikampotea, usitoe dozi nyingine mpaka daktari amwone. Kwa amikasini uliza kama masikio yanavuma na kama sauti za watoto au ndege zimepungua. Na kabla hajaruhusiwa, aambiwe yeye na jamaa zake kwamba madhara yanaweza kujitokeza wiki kadhaa baada ya sindano ya mwisho, arudi asingoje.

Kuna ukoo ambao dozi sahihi nayo huleta uziwi. Ni mabadiliko kwenye jeni la mitokondria, yanayojulikana kama 1555A>G, nayo hupita kwa mama peke yake. Swali ni jepesi na halina gharama: "Mama, upande wa mama yako, khalati zako, wajomba zako, kuna aliyekuwa kiziwi baada ya kudungwa sindano?" Mjomba mwenye uziwi huo hauwarithishi watoto wake, ila yeye ni ishara kwa watoto wa dada zake. Jibu likiwa ndiyo, hakuna aminoglikosidi ya kuchagua hapo. Tafuta dawa ya kundi jingine.

Mjamzito ana hesabu yake. Streptomisini na kanamisini zimewahi kuzalisha watoto viziwi, kwa hiyo ziepukwe. Maambukizi ya figo kwenye mimba huanza na seftriaksoni. Lakini maambukizi ya chupa ya uzazi wakati wa uchungu hutibiwa kwa ampisilini na jentamisini, na hapo faida inazidi hofu. Amikasini haina nafasi ya kwanza. Mama mwenye kifafa cha mimba aliye kwenye magnesiamu salfeti asisukumiwe yoyote kati ya hizi mshipani kwa haraka: zote hulegeza misuli, na zikikutana na magnesiamu pumzi inaweza kukata. Kalsiamu glukoneti iwe kando ya kitanda. Mwenye ugonjwa wa misuli kulegea wa miastenia asipewe kabisa.

Kwa nini si seftriaksoni kwa kila mtu?

Swali hili ni la haki. Seftriaksoni haina shida ya figo wala sikio kama hizi, inaingia kwenye uti wa mgongo, na ni ya mara moja kwa siku. Kwa zahanati isiyo na kipimo cha kreatinini, mtu mzima mwenye nimonia au homa ya uti wa mgongo ni wa seftriaksoni bila mjadala. Shirika la Afya Duniani limeiweka seftriaksoni kwenye kundi la dawa za kuangaliwa, huku jentamisini na amikasini zikiwa kwenye kundi la dawa za kupatikana kwa wote, kwa sababu kuitumia kwa kila homa ndiko kunakozalisha bakteria wanaoivunja. Kichanga mwenye manjano asipewe seftriaksoni, wala anayepokea kalsiamu mshipani. Kichanga wa sepsisi ya kutoka nyumbani anabaki wa ampisilini au penisilini pamoja na jentamisini.

Streptomisini tusiihesabu kwenye ushindani huu, isipokuwa kwa brusela, ambayo wafugaji wa Witu na Hindi wanaokunywa maziwa mabichi wanaijua. Hapo ni streptomisini g 1 kila siku kwa wiki 2 hadi 3, pamoja na doksisiklini kwa wiki 6. Isipopatikana, jentamisini mg 5 kwa kilo kwa siku 7 hadi 10 inachukua nafasi yake. Amikasini haihitajiki.

Kuchanganya, kutunza, kusafirisha

Penisilini na ampisilini huungana na aminoglikosidi na kuiua nguvu zikikaa kwenye bomba au chupa moja. Jentamisini huharibika upesi zaidi; amikasini huvumilia kidogo, lakini usiitegemee. Toa ampisilini, safisha kanula kwa ml 2 hadi 5 za maji ya chumvi, kisha toa ya pili. Joto la Lamu zote zinalivumilia kabatini zikiwa ndani ya nyuzi zilizoandikwa kwenye boksi, bila friji. Amikasini ikiwa na umanjano mwepesi haijaharibika. Mwenye pumu inayoamshwa na salfaiti asomewe lebo kwanza, maana chapa nyingi huwekwa kihifadhi hicho.

Weka siku ya mwisho tangu siku ya kwanza. Tazama upya baada ya saa 48 hadi 72: majibu ya kuotesha yakiruhusu vidonge, badilisha. Kupita siku 7 kuwe na sababu iliyoandikwa.

Mgonjwa wa Kiwayu au Faza anaweza kungoja maji yajae ndipo boti ipite Mkanda, mkondo mwembamba wa bahari wa kuelekea Lamu mjini, na kusi likivuma safari huchukua muda zaidi. Usingoje boti ndipo utoe dozi ya kwanza. Dozi moja kamili kwa uzito ina hatari ndogo sana kwa figo na inaokoa saa ambazo sepsisi haitoi. Hatari iliyopo ni kurudiwa. Wanaompokea Lamu mjini wakisoma "amepewa jentamisini" bila kiasi wala saa, wengi watatoa nyingine. Barua ibebe uzito, mg, msulini au mshipani, kreatinini kama ilipimwa, na saa. Saa iandikwe kwa mfumo wa saa 24, kwa kuwa "saa 4" mmoja ataisoma kumi asubuhi kwa saa ya ukutani na mwingine ataisoma alfajiri, na saa sita zikipotea hapo dozi ya pili itatolewa mapema mno: "Kilo 60. Jentamisini mg 300, msulini, pande mbili. 10:30. Dozi ya 1. Inayofuata kesho 10:30, baada ya kreatinini."